Mayai Yasiyooza ya Bi Somoe

Jamani, leo nimeaibika mpaka kuku wangu wamenionea haya.

Naandika nikiwa nimejifungia ndani, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Nje bado wanacheka. Kicheko cha wifi yangu Hadija nakijua, kinaanza kama mtu anakohoa, halafu kinapanda. (Nikisema wifi nasema dada wa marehemu mume wangu, si ile ya kwenye simu. Ile ya kwenye simu hukatika. Hii haikatiki.)

Niacheni nianze mwanzo. Na majina nitayataja. Niliishia darasa la tatu, sikufika kwenye somo la kuficha majina.

Mnaonijua mnajua nimetokea Kilambo. Mwaka ule mto Ruvuma ulipotoka kwake ukaja kwetu, Hadija alipanda mtumbwi wa Athumani pamoja na godoro lake. Mimi nikaambiwa nafasi imejaa. Godoro likapanda mtumbwi, mimi nikapanda mkorosho. Siku mbili juu ya tawi, mimi na mtetea mmoja mdogo aliyekuja akipiga mbawa akatua kwenye bega langu. Tukatazama maji yakipita na vitu vya watu. Nikamwita Manusura.

Kuku wote nilio nao leo hapa Ziwani ni watoto na wajukuu zake. Nyumba ilikwenda, sufuria zilikwenda. Nilichobaki nacho ni kuku huyo na jina langu. Na jina lenyewe ni hili: Somoe hauzi yai viza.

Kwa sababu mayai yangu nayalaza kwenye majivu. Nachoma matawi makavu ya mkorosho, nachekecha majivu mpaka yanakuwa laini kama poda ya mtoto. Natandaza kwenye chungu, napanga mayai, ncha chini, yasigusane. Juu majivu tena. Juu mayai tena. Yai halioshwi! Ukiliosha umelivua koti. Miezi mitatu unalifukua, unalikuta limelala usingizi wake. Nikiwa napanga huwa sisemi na mtu. Ule weupe, ule ulaini, ile harufu ya moto uliokwisha kuzimika, basi nafsi yangu inatulia, nasahau mto, nasahau godoro.

Sasa wiki iliyopita kukawa na mkutano zahanati. Sikwenda (nilikuwa nachekecha). Akaja afisa lishe kutoka mjini, Mama Upendo, mtu wa Mbeya, akawaambia kina mama kwamba wataalamu wamekuta chembechembe za plastiki mpaka ndani ya mayai, maana kuku siku hizi wanadonoa mifuko na nyuzi za viroba vilivyochakaa. Akasema mayai mengine yana plastiki.

Yana plastiki. Hayo ndiyo maneno yake.

Hadija akayabeba kutoka zahanati hadi kisimani. Njiani akayabadilisha kidogo tu. Alipofika yalikuwa hivi: "Mayai ya wifi ni ya plastiki! Nyie mliona wapi yai likae miezi mitatu lisioze?"

Yana plastiki. Ni ya plastiki. Angalieni wenyewe kineno kilivyo kidogo. Lakini jina langu likaenda na maji mara ya pili.

Watu wakaacha kuja. Wengine walikuwa wanapita wanaligonga yai kwa ukucha, wanalinusa, wananirudishia. Basi nikamtumia salamu Mama Upendo: aje nyumbani kwangu, aje na kina mama wote, na wifi yangu akae mbele. Atachagua yai kwenye chungu changu, nitalivunja hadharani. Akakubali. Akasema tena, akiridhika na majivu yangu, ataniomba niwafundishe kina mama wa kata nzima.

Mimi! Wa darasa la tatu! Nilitembea siku tatu najiita Mwalimu Somoe kimoyomoyo. (Mara moja nilijiita kwa sauti. Mbuzi wa jirani akageuka.)

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Alfajiri nikaota. Nimesimama ukingoni Kilambo, mto umetulia kama maziwa kwenye bakuli. Ukungu umekaa juu ya maji. Nikaona mlango wa nyumba yangu ya zamani unakuja taratibu, unaelea, na juu yake wamekaa kuku wangu wote waliochukuliwa, wamejipanga kama abiria, kila mmoja analalia yai. Jogoo wangu wa zamani akanitazama akasema, "Bi Somoe, tumekurudishia." Wala sikushangaa. Nikakunja kanga, nikaanza kuokota. Mayai yalikuwa ya moto. Kila nikiokota, yanazidi.

Nikaamka na mikono bado iko mbele. Nje maua ya mikorosho yalikuwa yananukia ile harufu yake inayokurudisha usingizini hata ukiwa umesimama. Sikutaka ndoto itoke machoni. Nikaenda bandani hivyo hivyo, nusu niko Ziwani, nusu niko mtoni, nikaokota kiota hadi kiota, nikimshukuru jogoo wa ndotoni. Kwa Manusura nikakuta mawili. Nikayachukua yote mawili. Nikayaviringisha kwenye majivu pamoja na wenzake, nikayapanga juu kabisa ya chungu.

Manusura akanifuata akipiga kelele. Kwekwekwe, kwekwekwe, mpaka mlangoni. Nikadhani ananiombea dua.

(Saidi wa dukani Rahaleo, kaa hapo hapo. Nitakufikia.)

Saa nne wakafika. Nilitandika mkeka, nikatoa kiti cha mgeni, nikaweka bakuli la maji na sahani nyeupe. Mama Upendo akakaa kwenye kiti na daftari lake. Hadija akakaa mbele kama nilivyotaka, kavaa kanga mpya. Ya kuja kuniona naumbuka.

Mama Upendo akaanza kwa upole. "Kina mama, niwasahihishe. Sikusema kuna mayai ya plastiki. Plastiki ninayoizungumzia haionekani kwa macho."

"Kama haionekani umeijuaje?" Hadija huyo.

"Kwa vipimo, mama."

"Haya. Sisi leo tutapima kwa macho."

Watu wakacheka. Nilikuwa bado na ule utulivu wa ndoto, kila kitu nakiona kwa mbali kidogo, jua limepita kwenye majani ya mkorosho linacheza juu ya mkeka. Nikasema, "Mama Upendo, tia mkono. Chimba mpaka chini."

Akachimba. Akatoa yai la miezi mitatu. Nikaliweka kwenye bakuli la maji. "Likizama, zima. Likielea, viza."

Likazama. Likatulia chini, limejilaza ubavu.

Nikalipiga kwenye ukingo wa sahani. Likapasuka vizuri. Kiini kikakaa katikati, cha njano, cha mviringo, kimeinuka. Ute umekishika. Mama Upendo akainama akanusa. "Halina harufu," akasema. "Kabisa." Akaandika kwenye daftari. Kina mama wakasema mmmh. Mmmh ile nzuri, ya kuomba radhi bila kutamka.

Hapo ndugu zangu ndipo ningesema asanteni kwa kuja. Ningewakaribisha chai. Lakini mtu aliyekaa siku mbili juu ya mti akitukanwa na mto akipata nafasi ya kushinda hashindi mara moja, anataka arudie. Nikasimama. Nikashika kiuno.

"Wifi!" nikasema. "Usije ukasema tumepanga na mgeni. Chagua na wewe. Chagua lolote! Kukiwa na plastiki kwenye chungu hiki, mniite Mama Plastiki mpaka kaburini!"

Hayo niliyasema mimi. Kwa mdomo huu huu.

Hadija hakujisumbua kuchimba. (Uvivu wake naujua tangu harusini kwangu.) Akachukua la juu kabisa. Akalitia majini.

Likaelea.

Likaelea sana! Yai viza huelea kwa aibu, linainua kichwa kidogo. Hili lilikaa juu ya maji kama bata. Likazunguka. Majivu yakaanza kutoka taratibu, yakatanda kwenye bakuli kama ule ukungu wa mtoni, na mimi nikawa nalitazama tu, nalitazama, nasikia kama jogoo ananiita kwa mbali.

"Viza!" Hadija akapiga makofi. "Somoe hauzi viza! Haya, viza hilo hapo!"

Nikashtuka. Nikalidaka. "Na liwe viza!" nikapiga kelele. "Hata viza ni yai! Limetoka kwa kuku! Plastiki haivizi!"

Nikalipiga kwenye sahani.

Tok.

Halina hata ufa.

Nikalipiga tena, kwa nguvu.

Tok! Sahani ikapasuka. Yai zima.

"Ganda gumu," nikasema. "Kuku wangu wanakula dagaa." (Mnisamehe. Mtu anayezama hushika lolote.)

Mara ya tatu likaniponyoka mkononi. Likaanguka kwenye udongo mgumu pale mbele ya kiti cha mgeni. Na jamani, likadunda. Likadunda mara mbili, kisha mara ndogo ndogo tatu, kama mpira uliochoka, likabiringika mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa Hadija. Hapo likafunguka katikati, nusu huku, nusu kule.

Wakatoka sisimizi.

Sasa Saidi nimekufikia. Manusura ni bibi kizee, hatagi mpaka aone yai kiotani. Zamani nilikuwa namwachia yai lake moja, linaishia kuharibika. Saidi akaniuzia moja ya yale mayai ya plastiki ya watoto ya kuchezea, yenye pipi ndani, rangi ya pembe, akasema, "Bi Somoe, hili hata kuku mwenyewe atadanganyika." Pipi nilikula mimi. Unga wake wa sukari ulibaki ndani, ndio uliowaita sisimizi. Yai nikamwekea Manusura, na kweli akadanganyika, tangu masika anatagia hapo. Kila asubuhi nachukua lake naacha la Saidi. Kila asubuhi! Isipokuwa leo, ambapo nilikuwa mtoni naokota na jogoo.

Hadija akainama. Akawatazama wale sisimizi wanavyotawanyika. Akainua kichwa polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani akasema:

"Wifi. Limeangua."

Basi. Ndipo kicheko kilipoanza. Kina mama walilala kwenye mkeka. Mmoja alishika mti. Mama Upendo aliweka daftari usoni, daftari likawa linatetemeka, akajitahidi, akajitahidi, akasema, "Hii... hii plastiki inaonekana kwa macho," naye kicheko kikamshinda.

Nilitaka kueleza. Nilisema "kuku mzee," nilisema "kiotani," nilisema "Saidi." Hakuna aliyesikia. Na kama hayo hayatoshi, Manusura akatokea. Alikuwa anazunguka uwanjani tangu alfajiri anatafuta kilicho chake. Akapita katikati ya watu, kifua mbele. Akaziona zile nusu mbili chini. Akazivuta kwa mdomo, moja, ya pili, akazisogeza pamoja. Akajikunyata juu yake. Akamdonoa Hadija kidole.

(Hilo la kidole ndilo jema pekee la leo.)

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui. Wa kwangu kaangua sisimizi.

Mama Upendo alipopata pumzi aliniita pembeni. Alivunja mengine manne ya chini, yote mazima, akakaanga, wakala wote. Akaniambia majivu yangu ni mazuri na hana shaka nayo. Kisha akanionyesha banda langu. Paa nimeezeka viroba, vimekatikakatika kwa jua, nyuzi zimejaa chini, na vifaranga wanazidonoa kama mtama. "Hiyo ndiyo niliyokuwa nasema, Bi Somoe," akasema taratibu. "Hiyo ndogo. Ile ya kudunda haina neno."

Miaka yote hii nawachunga kuku wasichukuliwe na maji wala mwewe, na juu ya vichwa vyao plastiki nimeiezeka mwenyewe. Kesho naezua, natafuta makuti. Viroba vyenyewe, kwa taarifa yenu, alinipa Hadija.

Na Hadija, hapa nikiendelea kuandika, ameondoka na mayai sita kwenye pindo la kanga. Eti ya uchunguzi. Sasa hivi kutoka jikoni kwake nasikia harufu ya kitunguu na mayai, uchunguzi umeanza. Ila kabla hajaondoka aligonga huu mlango ninaoegemea.

"Wifi."

"Nini?"

"Kina mama wamekubaliana. Jumatatu uanze kutufundisha kulaza mayai kwenye majivu."

Nikageuka, nikasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Wewe pia utakuja?"

"Nitakuja. Nitawahi nafasi ya mbele." Akaongeza, "Safari hii na wewe utakuwa na nafasi."

Sikuelewa kama ananitania au anazungumzia ule mtumbwi. Bado niko hapa nalifikiria. Kisha akaenda zake, nikamsikia anavyowaambia wenzake kule nje, "Amekubali, Mwalimu Plastiki!"

Basi ndiyo hivyo, ualimu nimeupata.

Mnaosoma, nawaomba kitu kimoja. Msicheke kwa sauti. Manusura bado analalia pale uwanjani, na sina moyo wa kumwambia.