Ndevu za Baba na Saluni ya Utulivu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua kuridhika. Rasmi. Mtu mmoja redioni ameeleza kwamba watu hawana raha kwa sababu wamejirundikia vitu, na akili zao haziko pale walipo. Nilimsikiliza kwa makini mno hadi nikamkwaruza mteja sikio. Kidogo tu! Kelele zake zilizidi jeraha.

Nikaona mwanya papo hapo. Saluni yangu itakuwa saluni ya utulivu. Hakuna redio, hakuna soga, hakuna makorokoro. Marashi ana televisheni na mafeni. Huyu ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tunamwita hivyo kwa sababu mteja wake hunukia mpaka kesho yake. Atajuta.

Baba ameomba nimnyoe ndevu. Yuko kwangu, hapa nyuma ya saluni, tangu alipotoka hospitali. Jumamosi dada yangu mkubwa anakuja kumchukua akamtunze kwake, mwendo wa siku nzima kwa gari, na daktari hakuficha: moyo wake hautastahimili safari ya kurudi. Baba alikuwa kinyozi, na chochote ninachojua kuhusu wembe nimekipata kwake. Hataki zawadi wala karamu ya kumuaga. Anataka nimnyoe kwa maji ya moto, taratibu, kama alivyonifundisha. Nimemwambia kesho. Kwanza nitulie.

Jumanne, 4 Juni

Nimeng'oa vioo vyote. Asiyejiona hasumbuliwi na sura yake. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Wa kwanza kufaidi alikuwa fundi bomba. Nilimnyoa kimya kimya. Mwishoni akauliza kioo kiko wapi. Nikamshauri aachane na tamaa ya kujiona, ajihisi tu. Akajipapasa kisogo, akanitazama, akavuka barabara kwenda kujiangalia kwa Marashi. Nikasikia kicheko kikitoka mle ndani. Si cha mtu mmoja.

Mke wangu anasema Baba alishinda mlango wa nyuma, akisikiliza maji yanavyojaa kwenye pipa na kusifia chai. Eti ya leo imekolea vizuri. Maskini, hana malengo tena. Ameniuliza kama nimepata nafasi. Kesho, Baba. Bila shaka.

Jumatano, 5 Juni

Wateja: sifuri. Nimekaa kwenye kiti nikajitahidi kuwa hapa. Nilikuwa hapa kwa kitambo. Kisha nikawa kwa Marashi, nikihesabu waliokuwa wanangoja kwenye benchi.

Mwalimu mstaafu akaingia. Afadhali! Kumbe alikuja kunisimulia ugomvi wake na jirani juu ya ukuta. Nikaweka kidole mdomoni. Akasema kama hawezi kuongea hata kwa kinyozi, basi aende kunyolewa kaburini. Akainuka na nywele za upande mmoja. Upande wa pili Marashi alimalizia, huku akisikiliza habari za ukuta tangu msingi.

Nikabandika tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa: KIMYA. HAPA TUMERIDHIKA. Mama muuza mboga alilisoma, akavua viatu, akaingia na uso wa majonzi kunipa pole. Alidhani Baba ametutoka! Baba mwenyewe akajikokota kutoka nyuma, akamshukuru kwa kuja, wakacheka mpaka kikohozi kikamshika. Ilibidi mke wangu amsugue mgongo. Mimi sikucheka. Tangazo lilikuwa zuri.

Baada ya chakula mke wangu akanikalisha kitako. Akasema Baba hahitaji mtu aliyetulia, anamhitaji mwanawe. Nikamfafanulia kwamba nikimnyoa nikiwa na mawazo mengi nitamharibia, nami nataka iwe kazi isiyo na dosari. Akaenda kuosha sufuria, na sufuria zilijibu kwa niaba yake.

Alhamisi, 6 Juni

Fedheha. Marashi amevuka barabara, amevua kofia, amemwamkia Baba kwa heshima zote na kumwomba amnyoe yeye, bure, hapo hapo mlango wa nyuma. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia. Baba akamshukuru sana. Akamwambia anaye kinyozi wake.

Nilitamani nitoke, nichukue wembe, nianze. Miguu haikunyanyuka. Halafu nikang'amua: Marashi alikuja kupeleleza siri ya vioo. Mchana wote umepotea nikifunika madirisha kwa magazeti.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya mazoezi ya kupumua. Nimesinzia. Baba alipita kunitazama, akaona nimelala, akanifunika koti. Kesho asubuhi, liwalo na liwe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimechemsha maji. Nimenoa wembe. Nimemketisha Baba kwenye kiti, nikamfunga shuka shingoni, nikamwekea taulo la moto usoni mpaka mashavu yakalegea. Nikapaka povu. Nikamshika taya kwa mkono wa kushoto, kama alivyonifundisha. Limekuwa jepesi sana. Akafumba macho, akasema hana mahali pengine anapotaka kuwa.

Nami sikuwa na pengine. Kweli kabisa. Nilisikia pumzi yake, nikasikia yangu, wala sikuwa na shida ya kitu chochote duniani. Nikajiambia: hiki ndicho! Wakikiona hiki, Marashi kwisha habari yake.

Nikatoka mara moja tu. Nikawaita waliokuwa kwenye benchi la Marashi waje washuhudie utulivu kwa macho yao. Wakakataa. Marashi akasema niende nikamalize kazi ya mzee. Nikamuuliza ananifundisha kazi yeye kama nani? Akajibu. Nikajibu. Watu wakajaa, mwalimu akaanza kutuamua kwa mifano ya ukuta.

Nilipogeuka, gari la dada lilikuwa mlangoni. Povu lilikuwa limekauka usoni kwa Baba. Dada alikuwa akilibandua kwa kitambaa chenye maji, midomo ameibana. Dereva akasema hawezi kungoja zaidi, njia ni ndefu. Nikaomba dakika chache. Dada akatikisa kichwa.

Baba akanishika mkono. Akasema si neno, mwanangu, lile taulo lilikuwa na moto wake hasa.

Wameondoka. Nimelia kama mtoto mdogo. Leo siandiki zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Dada amepiga simu. Baba anakula kidogo tu. Ndevu zimemjaa, ila kila anayetaka kumnyoa anamkatalia, na gari lolote likisimama nje anauliza kama ni mimi. Dada akasema nisichelewe. Alilisema hilo kwa upole, na upole wake ukaniuma kuliko matusi.

Nikalia tena, mbele ya mke wangu, bila kuficha. Nikamwambia sasa nimeelewa. Raha yote ilikuwa pale kwenye kiti, kati ya mkono wangu na shavu la Baba, nami nikaiacha nikaenda kugombana barabarani. Mke wangu akaanza kunipangia nguo za safari.

Nimeelewa vizuri kiasi kwamba nimepata wazo. Mji huu umejaa watu wasio na nafasi ya kukaa na wazazi wao! Nitakaa nao mimi. Nitakwenda nyumba kwa nyumba kuwanyoa wazee kwa maji ya moto, taratibu, akili yangu yote ikiwa pale pale, kwa niaba ya watoto wao. Hili Marashi hawezi hata kuliota. Mchora mabango anaanza kesho.

Nimemwambia dada ampe Baba salamu, amwambie asiwe na wasiwasi. Nakuja, mara tu kazi itakapopungua.