Soketi ya Sebuleni

Jumapili, tarehe 8 Machi

Kazi imekwisha! Mazingira ya majaribio yako hewani, na nimeyapandisha peke yangu, nikiwa sebuleni kwangu, miguu juu ya stuli. Kuanzia kesho waandika programu wetu wanne hawataujaribia tena mfumo wa maghala kwenye kompyuta zao mbovu. Wataujaribia kwenye wingu, yaani kwenye seva tulizokodi kwa kampuni nyingine, ambazo unaziingia kwa intaneti popote ulipo.

Popote ulipo, isipokuwa wewe ni Bi Taratibu. Huyu ni mwenzangu ofisini. Tunamwita hivyo kwa sababu hafanyi kitu kabla ya kukisoma mara mbili. Sote wawili tunautaka ukuu wa kitengo, na Bosi amesema ataamua baada ya Ijumaa, mteja akishaonyeshwa mfumo. Namjua Bi Taratibu. Angeingia kesho asubuhi, arekebishe kimoja viwili, halafu sifa zigawanywe. Sifa zangu! Kwa hiyo nimeweka sharti kwenye ukuta wa kinga, ule unaoamua nani aingie na nani abaki nje. Palikuwa na kitufe kimeandikwa "ruhusu anuani yangu tu". Nikakibonyeza. Nikishasifiwa nitawafungulia wengine mmoja mmoja.

Mama mkwe, anayekaa nasi tangu alipopasuliwa goti, aliniuliza nacheka nini. Nikasema kazi. Akasema yeye aliuguza wagonjwa miaka yote ile na kazi haikuwahi kumchekesha.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Balaa. Nimeufungua mfumo mbele ya Bosi: ukurasa mweupe na ujumbe kwamba muunganisho umekataliwa. Nikajaribu tena. Umekataliwa. Waandika programu wakajaribu, wakakataliwa. Bi Taratibu alijaribu mara moja tu, akausoma ujumbe mara mbili. Usomaji wa yule mwanamke unanikata maini.

Bosi aliuliza kosa ni la nani. Sikusita. Nikasema ni la kampuni ya wingu, huwa wanazidiwa Jumatatu. Akauliza nimejuaje. Nikasema uzoefu.

Nimezima seva, nimewasha. Nimefuta kila kitu, nimepandisha upya. Ukuta wa kinga sikuugusa, maana huo ndio nilikuwa na uhakika nao.

Jioni nyumbani: inafunguka! Kwa laptopu yangu, inafunguka. Kwa simu ya mke wangu, inafunguka. Hata kwa tableti ya Mama mkwe. Hitimisho la kitaalamu: wingu hujaa watu mchana, jioni hupungua.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Bosi ameipokea nadharia yangu vizuri mno. Ameipigia simu kampuni ya wingu, amewaita wababaishaji, ametishia kuvunja mkataba. Mimi nilisimama nyuma yake nikitikisa kichwa kwa uchungu.

Bi Taratibu aliniuliza, kwa upole, kama nimeutazama ukuta wa kinga. Nikamwambia ukuta ndio kitu cha kwanza nilichoweka. Akasema hakuuliza nimeuweka lini. Kisha akaenda kunywa maji. Mwenye nywila ya usimamizi ni mimi peke yangu, na nimeificha vizuri.

Waandika programu hawana la kufanya. Mmoja ameanza kujifunza kufuma.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Nimejua. Nilikuwa naoga.

"Anuani yangu" si mimi! Wala si laptopu yangu. Ni anuani ya intaneti ya hapa nyumbani, kwa sababu nilipobonyeza nilikuwa hapa. Nilichokiruhusu ni sebule. Ofisi nzima iko nje, Mama mkwe yuko ndani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na Bosi mgongoni.

Kuliondoa sharti ni kazi ya kufumba na kufumbua. Niliufungua ukurasa wa usimamizi, nikaweka kidole. Kisha nikafikiri. Bosi ametukana watu siku mbili kwa neno langu. Mfumo ukifunguka ghafla, kampuni ya wingu itasema haijagusa kitu. Bosi atauliza aliyegusa ni nani. Ukuu wa kitengo, kwaheri. Niliogopa kweli.

Nikakiondoa kidole. Nina njia bora zaidi. Kama mfumo haufiki ofisini, ofisi itaufuata mfumo! Nimemweleza Bosi kwamba intaneti ya kwangu hupita njia isiyozidiwa, na kwamba mteja atafurahia utulivu wa nyumbani. Amekubali, kwa kuwa hana pa kwenda.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Mke wangu ameuliza kwa nini mteja aletwe hapa. Nikasema ni heshima. Akasema sofa letu halina heshima hiyo, mguu mmoja ni tofali. Nimelifunika tofali kwa kitambaa.

Hatari imebaki moja. Nimesoma kwamba ruta, kile kisanduku cha intaneti, ukikizima na kukiwasha hupewa anuani mpya. Ikiwa hivyo, ukuta hautamjua mtu yeyote duniani. Na ruta imechomekwa kwenye soketi ya sebuleni, ambayo Mama mkwe huitumia kupigia pasi tangu ya chumbani ilipoungua. Nimezungushia plagi utepe wa gundi na kuandika USIGUSE.

Mama mkwe alisoma, akauliza anaandikiwa nani. Nikasema ni kwa wote. Akasema katika nyumba hii anayepiga pasi ni mmoja. Nikamweleza kwa adabu kwamba kesho asubuhi hakuna pasi. Akanijulisha kwamba kesho ana kliniki ya goti, na hajawahi kusimama mbele ya daktari na nguo yenye mikunjo, hataanza uzeeni kwa ajili ya kisanduku.

Tumekubaliana apige pasi leo. Yaani mimi nilikubali. Yeye alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Yamekwisha.

Wageni walifika asubuhi. Mteja, mama mwenye maghala ya vipuri, akapewa upande mzima wa sofa. Bosi akapata upande wa tofali. Waandika programu wakakaa chini, mmoja na ufumaji wake. Bi Taratibu alisimama karibu na soketi, akasoma USIGUSE mara mbili.

Nikafungua. Ikafunguka! Mteja akauliza ghala la pili lina pampu ngapi, jibu likaja papo hapo. Akatabasamu. Bosi akatabasamu. Nilishajiona kwenye kiti cha mkuu, kile ambacho magurudumu yake yote ni mazima.

Simu ya Bosi ikalia. Ni kampuni ya wingu, wamemaliza uchunguzi. Bosi akafungua spika ili mteja asikie jinsi wababaishaji wanavyobanwa. Wakati huohuo Mama mkwe akatokea, gauni begani, pasi mkononi. Nikampungia mkono kumzuia. Naye akanipungia. Akabandua utepe, akachomoa.

Skrini ikawa nyeupe. Niliruka nikachomeka tena. Taa za ruta zikawaka zote, skrini ikabaki nyeupe. Na kwenye spika fundi wa kampuni ya wingu, kwa adabu zote, alikuwa akieleza kwamba seva hazijapata kuwa na tatizo. Akasema ukuta wa kinga umefungwa na ofisi yetu yenyewe tangu Jumapili, na unaruhusu anuani moja tu, ya nyumba ya mtu.

"Kwa hiyo," Bosi akasema polepole, "mfumo wetu wote unategemea pasi ya mama mkwe wako?"

"Mimi nilimwambia nina kliniki," Mama mkwe akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bosi akaniamuru nimpe Bi Taratibu nywila. Bi Taratibu akaingia kwa intaneti ya simu yake, akaondoa sharti langu, akaweka kwamba aingie kila mfanyakazi mwenye jina na nywila yake ya kazini. Mfumo ukarudi kabla gauni halijanyooka.

"Nilikuuliza Jumanne," akaniambia, bila ubaya wowote. Afadhali angekuwa na ubaya.

Mteja ameupenda mfumo. Ameomba kikao kijacho kiwe ofisini.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Mkuu wa kitengo ni Bi Taratibu. Bosi alitutangazia jana. Nimelia kidogo, bafuni, maji yakiwa wazi.

Mimi nimeachiwa seva ya nakala za akiba. Mkuu ameniomba jambo moja tu, nisimfungie mtu nje.

Nimetafakari sana na nimelitambua kosa langu. Kosa lilikuwa soketi. Anuani ya nyumba huchomolewa na yeyote mwenye nguo ya kunyoosha! Kwa hiyo leo nimeifunga seva ya akiba kisasa: haifunguki mpaka kibali kitoke kwenye simu yangu. Simu haina undugu na pasi. Bi Taratibu akitaka nakala, atakuja mezani kwangu aombe.

Nikaenda kumwonyesha mke wangu. Simu sikuiona. Akasema Mama mkwe ameondoka mchana kwenda kwa dada yake hadi wiki ijayo, na kwa kuwa simu yake imekufa betri, ameazima yangu. Nilimruhusu mwenyewe, nikiwa nimeinamia laptopu. Kwa huyo dada mtandao hupatikana juu ya paa tu, na goti halimpandishi mtu paani.

Si kitu. Kesho nitamwambia Mkuu kosa ni la kampuni ya wingu. Huwa wanazidiwa Jumatatu.