Ombi la Kuondolewa Kiti Kinachonitunza Mgongo

Ofisi ya Mifereji,
Sonbarsa Ghat, Bihar.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Bibi Sulochana Thakur,

Natumai u mzima. Sisi huku tu wazima kupita kiasi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Viti ulivyotuletea ili kulinda migongo yetu vimefika. Nashukuru, maana nimelelewa vizuri. Hata hivyo mimi, Bindeshwari Ojha, karani mkuu, naomba kwa unyenyekevu vyote virudishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Taulo. Unajua mwenyewe kwamba katika ofisi zetu mkubwa hutambulika kwa taulo nyeupe iliyotandikwa mgongoni mwa kiti chake. Yangu niliisubiri nusu ya utumishi wangu, na mke wangu huifua mwenyewe na kuitia buluu ili weupe wake ung'ae. Kiti kipya mgongo wake ni wavu mtupu, tena umebinuka kiunoni. Nikikohoa tu, taulo chini! Nimeibana kwa pini, pini zikanichoma. Juzi aliingia mkulima mmoja, mzee Jagdeo, akatutazama sote, kisha akamwinamia Bechan muuza chai, aliyekuwa anakijaribu kiti changu. "Bwana mkubwa, maji hayafiki shambani kwangu." Bechan, mtu asiye na haya, akamjibu, "Nitalishughulikia, mzee wangu. Sukari nyingi au kidogo?" Ofisi nzima ilicheka hadi machozi. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta taulo.

2. Kimo. Kiti hiki kina mkono wa kukipandisha. Nani aliruhusu jambo hili? Phulena Manjhi, karani wetu wa chini kabisa, alijipandisha akanipita kichwa. Nikajipandisha. Naye akajipandisha! Tukafika mahali miguu inaning'inia na feni inatupeperushia nywele. Nikamwambia, "Shuka, wewe!" Akanijibu, "Mkuu, maelekezo yanasema kila mtu akae kwa urefu wake. Mimi ndivyo nilivyozaliwa."

3. Maumivu. Hapa naomba usome polepole. Zamani sote tuliumwa viuno, na kiuno kikiuma lazima mtu ainuke, ajinyooshe, atoke akanywe chai, arudi akichechemea. Faili nazo zilipata nafasi ya kupumzika. Siku hizi haumwi mtu, hainuki mtu, na faili zinasainiwa siku ileile zinapoingia. Mzee Jagdeo alipata kibali cha maji kabla hajamaliza chai yake. Alishtuka, akauliza kama amekosea ofisi.

4. Haya yakiendelea, watu hawatakuwa na la kulalamikia. Bila malalamiko hakuna foleni, bila foleni hakuna haja ya ofisi, na ofisi ikifungwa viti vyako vitakaliwa na nani? Kwa hiyo, Mheshimiwa, nataka viondolewe kwa kuvionea huruma.

Nirudishiwe kiti changu cha mbao, kile chenye mguu uliofungwa waya. Kipo stoo, kinaningoja. Lori lije Jumatatu.

Wasalimie wote hapo makao makuu, waliokaa na waliosimama.

Ni mimi mtumishi wako, mwaminifu na mnyoofu kuliko ninavyotaka,
Bindeshwari Ojha

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuichana. Leo asubuhi, kabla ya kuja kazini, nilikwenda kumwamkia mama kwa kumgusa miguu, kama ilivyo desturi yetu. Kwa miaka mingi, kwa ajili ya kiuno, nimekuwa nikimwamkia nusunusu: mkono unaelekea miguuni pake, unaishia gotini, naye anajifanya hajaona. Leo niliinama mpaka chini. Nikaigusa miguu yake yote miwili, nikainuka bila kushikwa na mtu. Mama akanishika mashavu. "Bindo, mwanangu, nani amekutengeneza?" Nililia kama mtoto, Mheshimiwa. Tafadhali lori lisije. Na likija, wapakiaji watanikuta nimekikalia kiti chako kipya, na sishuki.