Malalamiko ya Katibu wa Korongo wa Thornsea Kuhusu Ukurasa wa "Miaka Thelathini na Minane ya Kufungwa"

Na. 6, Mtaa wa Seagarth,
Thornsea.
Jumanne, 18 Juni 2024

Kwa Bwana Desmond Wragg, Mhariri wa Mwangwi wa Thornsea

Bwana Mhariri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, nimekunywa maji, na nimengoja siku nne ili hasira ipungue. Imepungua kidogo. Mimi ni Norman Tranmer, katibu, mtunza kumbukumbu na, siku za shida, mchezaji wa Korongo wa Thornsea, klabu ya besiboli ya mji huu. Ijumaa iliyopita gazeti lako lilitoa historia ya klabu yetu, ukurasa mzima, chini ya kichwa "Miaka Thelathini na Minane ya Kufungwa". Nimeisoma mara sita, kalamu mkononi.

Kabla sijalalamika, ujue haraka yangu inatoka wapi. Kanuni ya ligi ni fupi. Timu isiyofika na wachezaji tisa hupoteza mchezo mezani, pointi tisa kwa sifuri, na ikipoteza hivyo mara tatu katika msimu mmoja inafutwa. Sisi tumeshapoteza mezani tarehe 5 Mei na tarehe 2 Juni. Jumapili hii, tarehe 23, saa saba mchana, tunacheza na Kelby hapa nyumbani. Mpaka Alhamisi tulikuwa tisa. Tangu gazeti lako litoke tuko wanane, nikijihesabu na mimi, jambo ambalo nahodha wetu Wilf Haxby halifanyi mpaka ahakikishe hakuna njia nyingine.

Wa tisa alikuwa fundi bomba, Bwana Tomasz Zielak. Alinipigia simu Ijumaa hiyohiyo, kwa adabu zote. "Mzee Norman," alisema, "mke wangu amenisomea lile gazeti kwa sauti. Mara mbili. Watoto wamecheka mpaka mdogo akapaliwa na maziwa. Mimi nina wateja mjini hapa, mzee wangu. Naomba uniache kwanza."

Nimemwacha. Sasa nageukia kwako, kwa mpangilio.

1. Umeandika kwamba klabu "ilianzishwa kwa bahati mbaya". Si kweli. Mwezi Machi 1986 Wilf aliagiza vifaa vya kriketi kwa ajili ya kundi la kanisa la Methodisti. Kwenye fomu ya katalogi akatia alama katika kisanduku cha pembeni, na likaja kasha lenye marungu kumi na mawili ya mviringo, glavu, na vituo vinne vya mpira. Kuvirudisha kulihitaji kujaza fomu nyingine tatu. Wilf alizitazama zile fomu, kisha akamtazama mchungaji. "Lakini mchungaji," akasema, "hili nalo ni rungu, na huu nao ni mpira." Tarehe 20 Aprili tukacheza mchezo wetu wa kwanza. Huo ni uamuzi uliofanywa baada ya kosa, na ni jambo tofauti kabisa na bahati mbaya. Mimi niliingia kazini posta kwa njia hiyohiyo na nikadumu miaka thelathini na mmoja.

2. Umeandika tumefungwa mara 412. Ni mara 409. Michezo mitatu ilivunjwa na ukungu wa baharini, na hakuna aliyeona mwisho wake. Katika mmojawapo, wa tarehe 8 Mei 2011, mgeni aliupiga mpira kwa nguvu zake zote. Tukausikia mlio, kisha uwanja mzima ukasimama kimya kusikiliza utaangukia wapi. Haukuanguka. Tuliupata mwezi Agosti kwenye kabichi za jirani. Nakiri kwamba wakati ule tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa, lakini huwezi kumhesabia mtu kichapo ambacho hakikumalizika.

3. Umeandika kwamba tarehe 12 Julai 2009 mlinzi wetu wa kituo cha kwanza, Clive Garbutt, "alilala uwanjani". Clive ni mwoka mikate na hufanya kazi mpaka alfajiri. Alilala, sawa, lakini alilala akiwa amesimama, mguu juu ya kituo, glavu mbele, kama kanuni inavyotaka. Mchezaji wa wageni alimwita, "Oya kaka, unaota?" Dakika hiyohiyo mpira ukarushwa, ukaingia kwenye glavu yake, ukakaa humo, na mkimbiaji wao akatolewa. Siku ile wenzake wanane waliokuwa macho walifanya makosa kumi na moja. Yeye hakufanya hata moja. Gazeti la haki lingeuliza ni nani hasa aliyekuwa amelala.

4. Fainali ya Kombe la Pwani, tarehe 4 Septemba 1994, tuliyoifikia kwa sababu timu zilizojiandikisha zilikuwa mbili tu. Hapa ndipo uliponiumiza zaidi, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Umeandika kwamba "waliuacha ubingwa wakaenda kunywa chai". Katika ligi yetu, tangu mwanzo, mchezo husimama baada ya zamu ya tano, watu wanakunywa chai, kisha wanarudi. Kanuni hiyo haijaandikwa popote, lakini wala haijaandikwa popote kwamba tuvae suruali. Siku ile tulikuwa tunaongoza nane kwa tano. Haikuwa imetokea kabla ya hapo na haijatokea tena. Zamu ya tano ilipokwisha, kengele ikapigwa na watu wetu wakatoka uwanjani, wote tisa, kuelekea kwenye meza ya mama yake Clive.

Nahodha wa wageni akapiga kelele, "Nyie, mnakwenda wapi?"

"Chai," Wilf akamjibu.

"Chai gani? Bado zamu nne!"

"Itapoa, bwana."

Mwamuzi alikuwa mgeni katika pwani hii. Mama Garbutt alimpelekea kikombe na sandwichi mbili za mayai. Alivipokea, akashukuru, akala, akanywa, akaitazama saa yake, kisha akatangaza kwamba timu iliyotoka uwanjani bila ruhusa imepoteza mezani. Tulikuwa bado tunapitishiana sukari.

Gazeti lako halikusema kwamba zilikuwepo pia keki za tangawizi. Bila hilo msomaji anadhani tuliacha kombe kwa ajili ya chai tupu. Vilevile limemtaja mpiga kengele kama "afisa mmoja wa klabu". Nashukuru kwa kunisitiri, ila mji mzima unajua kengele ni ya nani.

5. Umeuita mwaka 1997 "msimu uliopotea" kwa sababu katika michezo kumi na minne hatukufikisha wachezaji tisa hata mara moja. (Kanuni ya kufuta timu ililetwa mwaka uliofuata, kwa ajili yetu.) Naomba tufanye hesabu pamoja. Mchezo wa mezani ni tisa kwa sifuri. Kwa hiyo mwaka 1997 tulifungwa wastani wa pointi tisa kwa mchezo. Mwaka 1996, tulipojitokeza wote, wastani ulikuwa kumi na saba. Basi ulinzi wetu wa 1997 ndio bora katika historia ya klabu. Hatukuangusha mpira hata mmoja, na hakuna aliyeumia isipokuwa Wilf, aliyeteguka akikunja wavu. Ukiifuata hoja hii mpaka mwisho utaona kwamba Korongo ni timu nzuri sana inapokaa nyumbani. Nilipofika hapo niliona hoja inanipeleka nisikokusudia, nikaiacha. Lakini hesabu zake ni sahihi.

6. Umeandika kwamba katibu "ndiye mpigaji dhaifu kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya klabu". Katika mara 211 nilizoshika rungu, nimeupiga mpira vyema mara 18. Takwimu hizo sizipingi. Ninacholalamikia ni kwamba hukutaja mara saba nilizofika kituo cha kwanza kwa kugongwa na mpira, maana kanuni humpa kituo hicho mpigaji aliyegongwa. Wilf husema, "Norman hakwepi kwa sababu hauoni." Sababu haina uzito katika daftari la pointi. Aliyefika amefika.

7. Umechapisha picha yangu ya mgongoni.

Baada ya kuyapima yote hayo, naomba mambo yafuatayo. Kwanza, Ijumaa hii, siku mbili kabla ya mchezo, uchapishe masahihisho katika ukurasa wa mbele, kwa herufi za ukubwa uleule wa kichwa cha habari. Pili, useme wazi kwamba besiboli ya Thornsea ni mchezo wa heshima ambao fundi bomba anaweza kuucheza bila kupoteza wateja. Tatu, nakala zote za Ijumaa iliyopita zikusanywe. Najua zimeingia katika nyumba nyingi. Mimi nilisambaza barua katika mji huu kwa miaka thelathini na mmoja na kila mlango naujua. Niko tayari kupita nyumba kwa nyumba na mkasi, nikate ukurasa huo tu, niwaachie watu kurasa za vipindi vya televisheni. Wilf anasema nikifanya hivyo ataniandikia namba tisa, ya mwisho kabisa, katika orodha ya wapigaji mpaka nife. Nimemkumbusha kwamba niko namba tisa tangu 1988.

Bwana Mhariri, nina miaka sabini na mmoja na goti moja zima. Klabu hii haijawahi kushinda kitu chochote, na sidhani itashinda. Lakini kila Jumapili kuanzia Aprili mpaka Septemba nimekuwa na mahali pa kwenda, na watu wa kunicheka wanaojua jina langu. Wakiifuta Jumapili hii, Jumatatu sitajua niandike nini katika daftari.

Nisalimie Bibi Wragg, na dada anayepokea matangazo madogo, na mpigapicha wako, ambaye namwombea macho mema. Wasalimie pia jamaa wa kriketi ukikutana nao, maana wao hutukatia nyasi.

Ni mimi, kwa hasira iliyopangwa vizuri,

Norman A. Tranmer
Katibu, Korongo wa Thornsea

Baada ya sahihi: Kabla ya kufunga bahasha nimeketi na daftari zangu kuhakiki tarehe, na imenibidi nifungue tena. Kila neno unalolalamikiwa hapo juu limo, kwa mwandiko wangu. "Kwa bahati mbaya" niliandika mimi, mwaka 1986. "Msimu uliopotea" niliandika mimi, na nikaupigia mstari. Hata zile 412 ni jumla yangu, kabla sijaamua kuhusu ukungu. Nilikuazima daftari zote tarehe 3 Juni nikakwambia uandike kama ilivyo, nawe umeandika kama ilivyo.

Kuna siku moja tu hukuitumia, na sasa naona ni kwa sababu ulikuwa umesharudisha daftari. Nainakili: "Jumapili, 9 Juni. Mazoezi, upepo wa mashariki. Mhariri alikuja kututazama, akapewa chai. Clive akaupiga mpira nje ya mstari, moja kwa moja kwenye meza. Mhariri akaudaka kwa mkono wa kushoto, bila glavu, kikombe kikiwa mkono wa kulia. Chai haikumwagika. Akaurusha mpaka kwa Wilf bila kudunda. Wilf akaja akasimama karibu yangu, akasema chinichini, 'Umeona?' Nikamwambia nimeona. Akasema, 'Usimwambie kitu, atakimbia.'"

Kwa hiyo achana na masahihisho. Jezi namba kumi na nne imefuliwa na inangoja. Fika saa sita na nusu ili upate viatu vinavyokutosha. Orodha ya Jumapili nimeshaiandaa, majina manane kwa wino. La tisa nimeliandika kwa penseli, na utaniwia radhi, ni lako.

N.A.T.