Mahali Alipolala Mwenyekiti

Ninayo heshima kubwa kuutaarifu umma kwamba tatizo la wananchi kukosa kitu cha maana cha kutazama limekwisha. Limekwisha rasmi, kwa barua, tangu siku tulipoundwa. Sisi ni Kamati Kuu ya Kubaini Vipindi na Filamu Zinazofaa Kutazamwa, na mimi ndiye Katibu wake, mwenye dhamana ya muhuri na rimoti.

Hali ilikuwa mbaya, tusifichane. Uchunguzi wetu ulionyesha kwamba mwananchi wa kawaida hukaa kwenye kochi akapekua orodha ya filamu saa nzima, mke anataka hii, watoto wanataka ile, mwishowe wanazima na kwenda kulala wamenuniana. Wakibahatika kupata kitu, ni tamthilia ambayo hadi sehemu ya kumi na nne bado inatafutwa simu iliyopotea sehemu ya kwanza. Serikali yenye huruma isingeweza kukaa kimya. Ilitupa ukumbi, projekta, pazia zito na viti saba vya kuegemea.

Kazi tuliifanya kwa utaratibu. Kanuni ya Nne inasema hakuna mjumbe atakayetazama kupita pale alipofika Mwenyekiti, kwa kuwa si adabu mdogo kujua jambo ambalo mkubwa wake halijui. Mwenyekiti wetu ni mtu mzima mwenye majukumu mengi, na vile viti ni laini. Kwa kawaida alikuwa anapitiwa na usingizi dakika ya kumi na mbili. Akilala, mimi nasimama, nazima, naandika kwenye jalada: "Imetazamwa ipasavyo." Kwa mtindo huo tumemaliza filamu mia mbili na kumi ndani ya miezi minane, kasi ambayo hakuna kamati nyingine imewahi kuifikia. Nikiulizwa ipi ni nzuri, najibu kwa kujiamini kwamba zote zinaanza vizuri.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba tukishatoka, mhudumu wetu wa chai alikuwa anabaki ndani. Ofisi nzima tunamwita Shangazi, hata walinzi. Ile projekta ikizimwa haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa, na nusu saa hiyo Shangazi alikuwa anakusanya vikombe na kufagia. Halafu anaiwasha, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti na kutazama mpaka majina ya mwisho yapite.

Hilo tungelimezea. Kilichotuudhi ni foleni. Watu walianza kujipanga kwenye dirisha la jikoni badala ya dirisha letu. Nilikwenda mwenyewe kuchunguza, nikamkuta fundi cherehani anaulizia kitu cha kutazama na mkewe.

"Mmegombana au mko sawa?" Shangazi alimuuliza huku anasuuza birika.

"Hatujagombana. Hatuongei tu."

"Basi chukua ile ya treni. Ya polisi achana nayo, stelingi anavua miwani na kuvaa miwani saa mbili nzima, hana lolote. Ya treni katikati itakuchosha kidogo, vumilia. Ikiisha mtaongea wenyewe."

Fundi alishukuru. "Kule dirisha kubwa wamenipa fomu."

"Ijaze, mwanangu. Usiwavunje moyo."

Mwenyekiti alipopata habari alivimba. Shangazi akaandikiwa shtaka la kutoboa miisho ya filamu za serikali bila idhini. Adhabu yake ni kufukuzwa kazi na kupoteza kiinua mgongo, naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilipompelekea barua alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaisoma mara mbili.

"Miaka ishirini na minane nimewachemshia maji," alisema. "Nikitoka hapa mikono mitupu nakwenda wapi, mwanangu?"

Nilimwonea huruma, nakiri, lakini huruma haina fomu.

Ili iwe fundisho, Mwenyekiti aliagiza shauri lisikilizwe ukumbini kwetu na lirushwe moja kwa moja kwenye televisheni. Waziri alikuja mwenyewe, akaketi mstari wa mbele. Mwenyekiti akasoma shtaka kwa sauti nzito, kisha akaegemea kiti chake. Shangazi, katika gauni lake la kutokea, aliomba kuuliza swali moja.

"Mzee wangu, mnasema nimetoboa mwisho wa ile filamu ya treni. Huo mwisho mnaujua? Maana labda watu niliwadanganya, na kudanganya hakumo kwenye karatasi yenu."

"Kamati imeitazama filamu hiyo ipasavyo," alijibu Mwenyekiti. "Jalada lipo."

"Vizuri," alisema Waziri. "Iwekwe tuitazame wote mpaka mwisho, tulinganishe."

Niliiweka. Ilikuwa filamu nzuri, lazima niseme. Dada mmoja anapanda treni akiwa na sanduku lisilo lake, na mwenye sanduku amekaa kiti cha pili. Ukumbi ulitulia. Wapiga picha walisahau kamera zao. Dada akaanza kulifungua lile sanduku, taratibu, na hapo hapo, dakika ya kumi na mbili, nikasikia mkoromo.

Mimi ni mtumishi mwaminifu. Nilisimama, nikazima.

Watu walipiga kelele kama waliomwagiwa maji.

"Umezima kwa nini?" Waziri aliuliza.

"Mwenyekiti amelala, Mheshimiwa. Kanuni ya Nne."

"Na zile nyingine mlifanyaje?"

"Hivi hivi, Mheshimiwa. Zote mia mbili na kumi. Kanuni hatujaivunja hata siku moja."

Nilitarajia pongezi. Waziri aliitazama projekta iliyokuwa inapoa, kisha akamgeukia Shangazi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ndani ya sanduku mna nini?"

Shangazi alikunja mikono. "Ningekwambia, Mheshimiwa, lakini nina kesi."

Waziri aliomba kalamu. Aliandika nyuma ya karatasi ile ile ya shtaka kwamba limefutwa, akatia saini. Shangazi akaisoma mara mbili, akasema haina muhuri. Muhuri ninao mimi, nikaugonga.

Ndipo akasimama mbele yetu, akaisimulia filamu kuanzia sanduku hadi mwisho, bila kuruka kitu. Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi, Waziri akiwa wa kwanza.

Makofi hayo ndiyo yaliyomwamsha Mwenyekiti. Aliona watu wamesimama na kamera zinawaka, akajua ni yake. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akainama mara tatu kushukuru, akatangaza kwamba mshtakiwa amepatikana na hatia. Nasikia kipande hicho sasa kinarudiwa kila nyumba, na hakuna hata mmoja anayekizima kabla hakijaisha.