Bei Itashuka Tu

Jumatatu, 3 Juni

Daktari kaniita pembeni ya korido. Kasema moyo wa Mama umechoka, dawa zilizobaki ni za kumpunguzia maumivu tu. Nikauliza, muda gani? Si wiki nyingi, kasema. Nikauliza nyingi ni ngapi. Akanitazama kama mteja msumbufu. Wateja wa hivyo nawajua, mimi nauza rangi za nyumba. Kila siku kuna anayetaka nyeupe iliyo nyeupe zaidi.

Mama tumemrudisha nyumbani, chumbani kwake, karibu na cherehani yake. Kasema anataka kitu kimoja tu. Picha. Moja, ya ukutani, pembeni ya ile ya marehemu Baba. Na macho wazi!

Hapo ndipo penye kazi. Mama hufumba macho. Si kwa kupenda, maskini. Flashi ikiwaka, kope zinashuka. Harusi yake mwenyewe, kafumba. Harusi ya Dada, kafumba. Kitambulisho walimpiga mara nne mpaka wakakata tamaa. Na Baba kule ukutani macho yamemtoka kama anadaiwa. Mama kasema hataki kukaa miaka yote amelala pembeni ya mtu aliye macho. Tukacheka. Kisha Dada akatoka nje kulia.

Mume wa Dada ana studio karibu na stendi. Mtaa mzima wanamwita Tabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo amri yake kwa kila mtu, hata wa picha za pasipoti. Kasema atakuja kesho na kamera yake kubwa na taa zake, bure. Nimekataa. Taa! Mtu anafumba kwa flashi, yeye anataka kumletea jua zima chumbani. Kasema taa zake haziwaki ghafla, zinamwagika taratibu. Maneno ya kibiashara hayo.

Sijasahau harusi yake. Aliniambia nijongee kidogo, naziba watu. Kwenye albamu yao yote mimi ni sikio.

Mpango wangu: kamera ya mfukoni. Ndogo, Mama asiiogope, yenye lenzi ya maana inayoona kwenye kiza bila flashi. Chumba cha Mama dirisha linatazama ukuta wa jirani, simu zetu mle zinatoa ukungu mtupu. Nitaipata kwa bei nzuri. Nitampiga Mama. Kisha nitaanza kupiga harusi za watu, na tuone studio ya stendi itatabasamu mpaka lini.

Jumanne, 4 Juni

Nimeiona! Duka la kamera lenye kuta za vioo, ghorofa ya chini, imefungwa mnyororo mezani watu waishike. Nyeusi, inaenea kiganjani, nzito kama kitu cha kweli. Nimepiga picha ya kona ya giza chini ya meza, hata vumbi likaonekana.

Kisha nikaona bei. Nikairudisha mezani kwa adabu.

Muuzaji, binti wa miwani, kasema bei hazipunguzwi isipokuwa kifaa kiwe na kasoro. Kasoro! Nimerudi kazini nikifikiri sana. Nimechanganya kijani badala ya buluu, ndoo mbili. Tajiri kanitukana mbele ya wateja. Hajui kichwani mwangu kuna nini.

Dada kapiga simu kuuliza Tabasamu aje lini. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikakata simu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya. Kwa ufunguo wa nyumba yetu, mgongoni mwa kamera, mkwaruzo mmoja mrefu. Ufunguo uliteleza kidogo, mkwaruzo ukawa na kona. Kisha nikamwita binti wa miwani na kumwonyesha kwa masikitiko. Nikasema watu siku hizi hawana utu. Akasema kweli kaka. Nikauliza sasa itapunguzwa? Akasema meneja ndiye ataamua, nije kesho asubuhi.

Asubuhi! Mimi si mtoto. Ukienda asubuhi wanajua una shida nayo. Nitaenda jioni, wakiwa wamechoka kuitazama. Itashuka zaidi.

Mama leo kala vijiko viwili vya supu. Kauliza picha. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Kasema sawa mwanangu, ila mwambie mbivu iharakishe.

Ijumaa, 7 Juni

Imeuzwa! Waliipunguza nusu bei, saa tatu asubuhi ikaondoka. Nikauliza nani kainunua. Binti kasema bwana mmoja mchangamfu sana, kamwambia atabasamu.

Tabasamu huyo!

Jioni kaja nayo nyumbani mwenyewe. Kaisimamisha mlangoni mbele ya uso wangu. Kasema, shemeji, tazama bahati, ina mkwaruzo tu mgongoni, sijui ni mshenzi gani kaufanya, lakini jicho lake zima. Kasema hii haihitaji taa wala flashi, atampiga Mama sasa hivi, dakika moja.

Mpango wangu! Lenzi yangu! Mkwaruzo wangu!

Nikasema Mama kalala, daktari kakataza wageni. Mama akakohoa ndani akauliza nani huyo. Nikajibu ni mtu wa kusoma mita ya maji. Tabasamu kaishusha kamera. Kisha kaenda zake. Kwa mara ya kwanza nimemwona hatabasamu, na sikufurahi kama nilivyotegemea.

Jumapili, 9 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Nimeipata nyingine, ileile, mpya, ndani ya boksi lililofungwa kwa nailoni! Sokoni, upande wa vitu vilivyotumika. Mwenyewe hana meza, anatembea na mkoba. Kavaa suti juani. Nimempa jina Bwana Suti. Kasema alipewa na kampuni kama zawadi, hana haja nayo, yeye macho yake ni mabovu. Bei robo ya ile ya dukani.

Nikataka kufungua boksi. Akanizuia mkono kwa upole. Kasema nailoni ikichanika kabla ya kufika nyumbani, dhamana inakufa. Mtu mwaminifu. Mwingine angeniacha niharibu.

Nimempunguza tena kidogo. Akalalamika kwamba namnyonya damu. Raha iliyoje!

Nimemwonyesha Mama boksi. Kalipapasa. Kauliza nimenunua dukani? Nikasema kwa mtu. Kasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazazi wetu hawaelewi soko la leo.

Jumatatu, 10 Juni

Naichaji. Bwana Suti alisema siku nzima kwanza. Haiwashi kitaa chochote. Ndivyo zilivyo nzuri, hazijisifu. Kioo cha nyuma nacho cheusi tii. Nadhani kinatunza chaji. Uzito safi kabisa, naiweka mfukoni suruali inashuka.

Jumanne, 11 Juni

Siku kubwa. Nimeomba ruhusa kazini, tajiri kasema niondoke tu, kijani kimemtosha.

Dada kamvalisha Mama gauni la buluu alilojishonea mwenyewe. Limekuwa kubwa sana, tukalibana nyuma kwa vibanio vya nguo. Tumemkalisha kwenye kiti mbele ya cherehani, mto mgongoni. Majirani wakaja mlangoni na simu zao. Nikawafukuza wote. Dada naye alitoa simu, nikamtoa nje pamoja nao. Wanaziba mwanga, na nilitaka picha iwe moja tu duniani, ya kwangu.

Tukabaki wawili. Nikamwambia Mama haina flashi, asiogope. Kashika ukingo wa cherehani. Kanyoosha shingo. Na akafumbua macho!

Sijawahi kumwona Mama ananitazama hivyo. Macho yote mawili, makubwa, ya kahawia, yana maji kidogo. Hakupepesa. Nimebonyeza mara nyingi, huku, kule, kwa kuchuchumaa. Kamera haikutoa hata sauti. Ubora huo! Machozi yalimtiririka kwa kujizuia na bado hakupepesa. Kauliza, tayari? Nikasema bado, shikilia. Akashikilia. Nikasema tayari. Akafumba, akalala palepale kitini, nikamwita Dada tukambeba kumrudisha kitandani. Ni mwepesi kuliko ndoo ya rangi.

Kabla ya kusinzia kaniuliza, nilifumba? Nikamwambia hapana Mama, hukufumba hata kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetafuta sehemu ya kutolea kadi ya picha nisiione. Jana nzima. Leo nimekubali yaishe, nikaenda studio ya stendi. Nilimweza kila mtu maishani ila kijidude hiki.

Tabasamu hakunicheka. Kageuza kamera, katikisa, kaiweka sikioni. Kachukua bisibisi ndogo. Ndani hamna kitu. Hamna! Ganda tupu la plastiki, na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi kuipa uzito. Kasema ni zile za kukaa dirishani mwa maduka, wezi wavunje kioo wapate hasara.

Nikaketi kwenye kile kistuli cha watu wa pasipoti. Kioo kikubwa kilikuwa mbele yangu nikajiona.

Kasema, twende sasa hivi, kachukua kamera yake ya mkwaruzo na funguo. Nikamwambia Mama leo hali si nzuri, aje Jumamosi. Si kweli. Mama alikuwa kaketi kitandani anazungumza na Dada. Lakini ningeingiaje pale na Tabasamu? Ningemwambia nini Mama? Kwamba juzi alilia mbele ya kipande cha chuma? Kwanza nirudishiwe pesa zangu. Ninunue ya kweli. Nimpige tena, hata hatajua tofauti.

Usiku kauliza picha. Nikasema inasafishwa. Kasema isisafishwe sana, wakaniondolea makunyanzi.

Ijumaa, 14 Juni

Sokoni tangu asubuhi. Bwana Suti hayupo. Muuza viatu kasema leo huwa yuko soko la pili. Soko la pili wakasema leo huwa yuko la kwanza. Tajiri kanipigia mara sita.

Dada naye kapiga. Kasema Mama anapumua kwa shida, nirudi, na Tabasamu yuko tayari, tumlete leo? Nikasema Jumamosi tumeshapanga, tusivuruge mambo. Akasema mimi nimelaaniwa. Nikasema hasira hasara.

Jumamosi, 15 Juni

Nilipita sokoni mara moja tu, asubuhi, niwahi kurudi. Nikamwona! Suti ileile. Nikamshika kola. Akaapa kwamba naye alitapeliwa, akatoa nyingine mkobani, hii inawaka, niongeze kidogo tu. Kweli iliwaka. Nikampunguza. Akapandisha. Nikaondoka, akaniita. Akaondoka, nikamwita. Simu ikalia mfukoni nikaizima, maana bei ilikuwa inakaribia.

Mama kafariki saa tano. Tabasamu alifika saa tano na robo, kama tulivyopatana, na kamera shingoni.

Nilipoingia Dada alikuwa keshamfunga macho. Sina cha kuandika. Mama yangu.

Jumanne, 18 Juni

Tumezika jana. Watu wengi, aliwashonea wote.

Picha ya mazishi ilikuwa ile ya harusi ya Dada. Tabasamu kaikuza, kaondoa watu wengine, kaisafisha kwa mikono yake siku mbili. Nzuri. Kafumba. Sasa yuko ukutani pembeni ya Baba, Baba macho yamemtoka, Mama kalala. Ukitazama vizuri nyuma ya bega lake kuna sikio langu.

Waombolezaji walisema anaonekana amepumzika. Mimi peke yangu najua alivyokuwa akitazama. Nimejaribu kumweleza Dada, hayo macho, rangi yake, jinsi alivyoshikilia. Kasimama akaenda kuosha vikombe. Nimelia chooni mpaka jirani akagonga.

Jioni Tabasamu kanifuata uani. Kafungua mkono wangu kaniwekea ile kamera. Kasema, shemeji, chukua. Kasema Mama Mkubwa bado tunaye, mpige angali hai. Akaondoka kabla sijamshukuru.

Ni zawadi kubwa, sikatai. Lakini nimeigeuza. Ule mkwaruzo! Mrefu, na una kona. Nikiingia nayo harusini watanionaje? Fundi wa mitumba? Bora niiuze, niongeze kidogo, ninunue isiyo na doa. Nimeshampigia Bwana Suti, namba alinipa Jumamosi tulipoachana bila kuelewana bei. Kasema hii yenye mkwaruzo hawezi kunipa bei ya maana.

Mama Mkubwa, dada yake Mama, alikuwa uani nami. Anatembea kwa fimbo mbili siku hizi. Aliiona mkononi mwangu. Akavuta kiti mpaka penye mwanga wa jioni, akaketi, akafunga kilemba vizuri, akanitazama. Yeye hafumbi. Imechaji tele, kitaa cha kijani kinawaka. Kasema, haya mwanangu.

Nikamwambia asubiri kidogo, Mama Mkubwa, tusilipue kazi. Mwisho wa mwaka bei itashuka tu.