Wote Sabini na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu mkuu katangaza: kuanzia leo kazi zote za wanafunzi zinakusanywa na kusahihishwa kwenye darasa la mtandaoni. Atakayefanya vizuri zaidi wiki hii atakuwa mwalimu wa taaluma. Mwenye ofisi yake. Yenye mlango! Miaka kumi na moja nakaa kona ya chumba cha walimu, kiti kina miguu mitatu na tofali. Mpinzani wangu ni Rula, mwalimu wa hesabu. Yeye kazi yake tiki na kosa tu. Mimi wa historia nina insha mia moja ishirini na nne.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua! Unachagua majina yote, unaandika alama mara moja, unabonyeza kitufe cha Rudisha, kila mwanafunzi anapata zake. Wote 71. Sabini kamili ingetia shaka. Sabini na moja inaonekana imetolewa jasho. Maoni: "Hoja zako zina mashiko. Punguza utundu darasani." Dakika nne, chai bado ya moto. Rula yuko swali la tatu, maskini. Akili ni nywele, na yeye ana kipara.

Jumatano, 5 Juni
Wanafunzi wananipenda ghafla. Mmoja wa dawati la nyuma kanishukuru kwa 71, kisha kaniambia insha yenyewe ataanza kuiandika kesho. Nikakimbilia kompyuta. Kumbe mwisho wa kukusanya ni Ijumaa! Thelathini na wanane hawajaleta chochote, na hoja zao zina mashiko.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeitwa ofisini. Nikavaa tai, nikidhani nakabidhiwa funguo za ofisi yangu. Kumbe mwalimu mkuu alijiandikisha kwenye darasa langu tangu Jumatatu, kama mwanafunzi, aone tunavyofanya kazi.

"Mwalimu, mimi sijaandika hata nukta," alisema taratibu. "Hoja zangu zenye mashiko ni zipi?"

Nikasema ukimya nao ni hoja. Akauliza kuhusu utundu wake. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Siku za mwizi arobaini. Zangu zilikuwa mbili. Kanipa hadi Jumapili nisahihishe upya, kila insha kwa haki yake. La sivyo ofisi ni ya Rula, nami nasimamia usafi wa vyoo muhula mzima.

Jumapili, 9 Juni
Nimesoma insha tatu. Tatu! Mke wangu kanishauri nizisome moja moja mpaka ziishe. Hana habari na teknolojia. Kosa langu nimeliona: ni kuwapa wote alama ileile. Basi nimefuata orodha, alama zinashuka kutoka tisini hadi arobaini, halafu zinaanza tena juu. Maoni matatu kwa zamu: "Vizuri sana." "Ongeza bidii." "Njoo na mzazi." Hakuna atakayeshuku. Nikabonyeza Rudisha, nikanyoosha miguu.

Ndipo nikakumbuka kuangalia mwalimu mkuu yuko namba ngapi kwenye orodha.

Kapata 43. Njoo na mzazi.